Siku Tuliyompeleka Bibi Harusini kwa Punda Mwoga

Ilianza Jumatatu, saa kumi na moja na robo jioni, wiki ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, mwaka tisini na tatu. Saa naijua kwa sababu redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na mama alikuwa ametunyamazisha wote ili asikie kama kuna marehemu tunayemfahamu. Ndipo baba akaingia uani bila baiskeli yake. Alikuwa anavuta punda.

“Baiskeli iko wapi?” mama akauliza.

“Ndiyo hii,” baba akasema. “Hii haipati pancha.”

Najua nina miaka kumi na saba tu, niko kidato cha tatu, na watu wazima wakisikia nasema “sisi wa zamani” watacheka mpaka washike mbavu. Wacheke. Hapa mjini Shanwe kwa shangazi ninakokaa, kuna binamu yangu wa darasa la tano, darasa lile lile nililokuwa mimi punda alipokuja. Kutwa yuko kwenye kibanda cha video. Juzi nilimsimulia kidogo habari za Spoku, punda wetu, akanisikiliza kwa huruma kama anasikiliza mgonjwa, halafu akaniuliza kama punda ana gia. Nikaona heri niandike, nyie wa rika langu mnisaidie kukumbuka kwamba sisi tuliwahi kuwa watoto wa maana.

Sisi magari yetu tulitengeneza kwa mabua ya mtama, na yalikuwa na abiria, panzi waliofungwa kamba. Tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ukafumuka na mwenye soksi akaja kudai soksi yake. Tukisikia njaa hatukurudi nyumbani kusema “mama naomba chai.” Tulipita kwenye makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu ya mwamba, tukamega, tukatafuna unga mtupu, tukacheka vinywa vyeupe. Dagaa wa Ikola walipofika sokoni kwa magunia, harufu iliwatangulia, na paka wote wa kwetu Kibaoni walijua kabla ya wenye maduka.

Basi, punda. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale sokoni Kibaoni, na alikuwa amebadilishana na jirani yetu Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Mzee Masanja alitaka baiskeli. Baba alitaka kitu cha kubebea maji na mahindi. Wote wawili waliondoka wanachekelea, kila mmoja anadhani amemweza mwenzake. Ila Mzee Masanja alisahau kusema jambo moja dogo: punda yule alikuwa anaogopa kila kitu. Aliogopa kuku. Aliogopa shati la baba kwenye kamba. Siku moja aliogopa kivuli cha masikio yake mwenyewe, akaruka pembeni, akaangusha mtungi, kisha akaogopa vigae vya mtungi.

Baba alimpa jina Spoku kwa sababu ya miguu yake myembamba kama spoku za gurudumu, na alimfundisha namna anayojua yeye. Alimkagua kwanza mbele na nyuma kama anayetafuta nati iliyolegea. Alimwekea gunia lenye majani mgongoni akaliita keria. Halafu, kwa kuwa sokoni kuna watu wengi na chombo cha moto au cha baridi lazima kitoe ishara, alimfunga kengele ya baiskeli shingoni. Sidhani kama kuna mtu mwingine Tanzania nzima amewahi kufanya hivyo. Spoku alitembea hatua moja, kengele ikalia. Akashtuka, akakimbia, kengele ikalia zaidi. Kadiri alivyokimbia, ndivyo ilivyomfukuza. Alizunguka soko lote la Kibaoni, anajipigia kengele mwenyewe watu wampishe, na baba nyuma yake anapiga kelele, “Breki! Mshikeni breki!”

Kengele ilitolewa. Na kazi ya kumzoesha punda ikaangukia kwangu, maana kaka zangu walikuwa wanavuna, na mama alisema mimi ni mpole, nitaelewana naye.

Upole wangu ngoja niueleze. Nilikuwa na aibu ya kutisha. Mwalimu akiita jina langu asubuhi nilijibu “nipo” kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, nikaandikwa mtoro huku nimekaa dawati la mbele. Mgeni akija nyumbani, nilipita dirishani. Kwa hiyo nilimwendea Spoku kimya kimya, kwa ncha za vidole, nikidhani hiyo ndiyo heshima. Alinirushia teke lililopita karibu na sikio langu likiwa na upepo wake.

Mtu aliyeniokoa ni Minza, binti wa Mzee Masanja, wa rika langu. Minza alikuwa na mdomo wa watu wanne. Sisi na Wasukuma ni watani, kwa hiyo alinifundisha kwa matusi tu.

“We dada,” alisema siku ya kwanza akiwa juu ya ua, anatafuna muwa, “punda siyo kuku wa jirani. Mbona unamnyemelea?”

“Nisimshtue.”

“Unamshtua kwa huko kunyamaza! Anayekuja kimya ni fisi. Umewahi kusikia fisi anapiga hodi? Ongea! Aanze kukusikia toka mlangoni.”

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na kwangu lilikuwa gumu kuliko hesabu za sehemu. Mengine niliyaweza. Usimwendee kwa nyuma, njoo usawa wa bega, umguse shingo kwanza. Kamba usijizungushie mkononi, la sivyo akikimbia utamfuata kwa tumbo. Usimvute kwa mbele kama mnagombania kitu, simama ubavuni kwake mtazame upande mmoja. Akisimama na kutoa macho, usimpige. Kuna kitu amekiona au amekisikia. Mwache akitazame, akinuse, ajue ni nini, atapita mwenyewe. “Punda anaogopa kitu kilichojificha,” Minza alisema. “Kikijitokeza na uso wake, basi, wanasalimiana, yameisha.” Kupanda nako tulianza kwa kulala tumbo juu ya mgongo wake kama nguo mbichi, mpaka akazoea uzito. Nilianguka mara nyingi. Mara moja niliangukia kwenye makopa ya mama, na mama wala hakuuliza kama nimeumia. Alisema, “Hayo yenye umbo lako utakula wewe.”

Lakini kuongea! Niongee nini na punda? Nilijaribu meza ya kuzidisha, ikaniishia. Nikataja mikoa, ikaisha kabla hatujafika kisimani. Mwisho nikaangukia kwenye kitu pekee nilichokikariri bila kutaka, yaani matangazo ya vifo. “Bwana fulani wa Sumbawanga anasikitika kutangaza kifo cha mjomba wake mpendwa, kilichotokea ghafla. Habari ziwafikie ndugu wa marehemu popote walipo.” Spoku aliyapenda. Masikio yalilegea, mdomo wa chini ukaning'inia, akatembea kama mtu anayesindikiza msiba kweli. Nikawa nazika watu toka nyumbani hadi kisimani, na nikirudi na maji nazika wengine.

Sasa mwisho wa likizo ile mama mdogo alikuwa anaolewa. Harusi ilikuwa kwa mjomba, kijiji cha mbali kidogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Na Bibi, mama yake bibi harusi, alikuwa kwetu tangu masika akiuguza goti. Kwa desturi yetu mama mzazi ndiye anayemfunga binti kanga kiunoni. Bila mkono wake, bibi harusi hatoki chumbani, hata watu wapige ngoma mpaka ngozi ipasuke. Harusi ilishaahirishwa mara moja kwa ajili ya goti hilo hilo. Mjomba alisema ikiahirishwa tena, wakwe watakwenda kutafuta nyumba ambayo mama mkwe ana magoti mazima. Na wakwe wenyewe walitoka mbali, wakasema jua likianza kushuka lori lao linaondoka, liwe na bibi harusi au lisiwe naye.

Baiskeli Bibi aliikataa, aliwahi kuanguka kwenye keria na hakuisamehe. Kubebwa kwenye machela alikataa pia. “Siku nitakayopanda machela sitakuwa na la kusema,” alisema, “kwa hiyo leo nasema: sipandi.” Ikabaki Spoku. Mama na kaka zangu walishatangulia kupika, baba alitoka alfajiri na kreti za soda kwenye baiskeli ya kuazima, ambayo ni ile ile yake ya zamani. Minza alikuwa na ng'ombe wa kuchunga. Alinisindikiza mpaka mwisho wa nyumba za kijiji akaniambia, “Ukinyamaza tu, bibi yako anaruka kama pumba.”

Tukaondoka. Bibi alikaa upande upande juu ya keria, kanga yake mpya, kitambaa kichwani, fimbo mkononi. Mimi nikitembea usawa wa bega la Spoku nikaanza kazi. “Familia ya marehemu inapenda kuwashukuru...”

“Wewe mtoto,” Bibi akasema toka juu, “tunakwenda harusini au unanizika njiani?”

“Bibi, nikinyamaza anakimbia.”

“Basi tangaza, ila mimi usinitaje.”

Tulikwenda vizuri mpaka jua likawa kali, na tukawa tunasikia kwa mbali ngoma za kwa mjomba. Pale njia inapita katikati ya mashamba ya mahindi makavu yaliyokuwa yanasubiri kuvunwa, penye kona, nikaona kwa mbele baiskeli inakuja, na juu yake kijana amevaa suti ya bluu na ua la karatasi kifuani. Alikuwa Method, bwana harusi mwenyewe. Alikuwa amechoka kusubiri, akaja kuchungulia tumefika wapi, hakutegemea tungekuwa karibu vile.

Watoto wa siku hizi hawataelewa, kwa hiyo naeleza. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, kijana mwenye adabu anaacha njia. Na Method alikuwa na adabu kupita kiasi. Hakusimama kufikiri. Aliingia kwenye mahindi na baiskeli yake na suti yake, chwaaa, akapotea.

Spoku akagota. Masikio mawili juu, kama mikono ya mtu aliyekamatwa na polisi. Mahindi makavu yanafanya kwa-cha kwa-cha, na ndani yake gurudumu la baiskeli iliyolala bado linazunguka, ti-ti-ti-ti. Kwa punda yule, humo kulikuwa na fisi anayepiga taipu.

Nilitangaza vifo vya ukoo mzima. Wapi. Alianza kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa na mtaro.

“Kuna nini?” Bibi akauliza, huku anajua vizuri, maana alikuwa ameshageuza uso upande wa pili.

“Bwana harusi yuko kwenye mahindi, Bibi.”

“Mwambie atulie huko huko.”

“Akitulia huko Spoku hapiti. Mpaka amwone.”

“Mimi nipo hapa juu! Atokeje?”

Toka kwenye mahindi ikaja sauti nyembamba. “Mdogo wangu, mwambie mama samahani sana. Mwambie mimi hata hapa nilipo nimeangalia chini.”

“Anasema samahani na ameangalia chini,” nikamwambia Bibi, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

“Mwambie nimesikia, nami naangalia juu. Sasa mmoja wetu atakufa hapa kwa jua, na mwanangu amefungiwa chumbani hajafungwa kanga.”

Ngoma za kwa mjomba zilisikika, na kati ya ngoma nikasikia lori likipigwa moto, likajaribu, likazima. Walikuwa wanapasha injini. Nilikuwa mtu ambaye hajawahi kumwambia mkubwa hata “sogea kidogo,” na sasa nilikuwa na mkubwa mmoja juu ya punda na mwingine kwenye mahindi, na wote wananisubiri mimi.

Nikasema, “Bibi, jifunike.”

“Nani, mimi? Yeye ndiye mkwe, yeye ajifunike!”

“Akijifunika hatakuwa na uso. Spoku anataka uso.”

Bibi alitafakari dunia ilipofika. Kisha, polepole kama nilivyomwelekeza, ili nguo isipepee, akaivuta kanga toka mabegani mpaka ikamfunika kichwa chote, akabaki kama kiroba cha mchele chenye fimbo.

“Kaka Method, toka. Polepole. Na uongee, usije kimya.”

“Niongee na nani? Mama anasikia!”

“Ongea na punda.”

Akatoka. Suti yote ilikuwa imejaa mbegu za vishona nguo toka kola mpaka soksi, utadhani ameota manyoya. Alikuja amenyoosha mkono, magoti yamekunjwa, na kwa sababu hakujua mtu anamwambiaje punda aliyebeba mama mkwe, alisema, “Shikamoo.”

Chini ya kanga ikatoka sauti. “Punda anasema marahaba.”

“Mimi ni Method. Nimekuja kwa heri.”

“Punda anauliza, wazazi hawajambo?”

“Hawajambo, wanakusalimu... wanamsalimu punda.”

Nilijiuma mdomo mpaka machozi yakanitoka. Spoku alinyoosha shingo, akamnusa bwana harusi viatu, akamnusa suruali, akapanda mpaka kifuani, akafikiri kidogo, akala lile ua la karatasi. Masikio yakashuka. Wakawa wamesalimiana, yakawa yameisha.

Tatizo jipya ni kwamba alimpenda. Method alipookota baiskeli na kuanza kurudi kwa mjomba bila kugeuka nyuma, Spoku alimfuata hatua kwa hatua, pua karibu na koti, na mimi pembeni natangaza. Ndivyo tulivyotokea kijijini: mbele bwana harusi amekusanya majani, nyuma yake punda, na juu ya punda mwanamke aliyefunikwa gubigubi.

Watu walituona toka mbali. Baadaye nilisikia kwamba mjomba alidhani Method amekwenda kuchukua mke mwingine njiani, akaanza kutafuta fimbo. Lakini mama yangu aliitambua kanga. Akasema, “Ni mama! Mama amefika!” Na wanawake wote wa harusi ile, waliokuwa wamekaa toka asubuhi na vigelegele vyao kooni, wakainua vichwa na kuvuta pumzi.

Niliiona ile pumzi. Nilimwona Spoku naye ameiona. Misuli ya shingo yake ilikuwa kamba chini ya mkono wangu. Kigelegele kimoja tu, na Bibi angekwenda kutua Sumbawanga.

Nilifungua mdomo na sauti ikatoka, sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote ile. “NYAMAZENI!”

Nilisema hivyo kwa mjomba wangu. Kwa shangazi zangu. Kwa wakwe, kwa wazee waliokaa kwenye viti, kwa wapiga ngoma, kwa katekista. Fimbo ya ngoma ilibaki hewani. Wanawake waliziba midomo kwa mikono miwili, macho yamewatoka, vigelegele vimewajaa mashavuni. Hata yule wa lori aliuachia ufunguo. Katika kimya kile, Spoku alipita katikati ya harusi nzima akiwa ametulia, nikawa natangaza kwa sauti ya chini kwamba mazishi yatafanyika kesho, mpaka mlangoni. Mama akamshusha Bibi. Bibi akaingia ndani akichechemea, hakumsalimia mtu, akamfunga mama mdogo kanga kiunoni. Mimi nikamzungusha Spoku nyuma ya nyumba, nikamfunga mbali kwenye mchikichi, nikarudi nikawapungia mkono kwamba sasa basi.

Sijawahi tena kusikia vigelegele kama vile. Lori lenyewe lilitikisika.

Siku hizi mambo ni mengine. Mwezi uliopita nilikwenda harusi hapa mjini, bwana harusi amemshika mama mkwe wake bega, wanapigwa picha, wanacheka meno yote nje, na kipaza sauti kinaunguruma mpaka huwezi kusikia unachotafuna. Hakuna aliyeingia kwenye mahindi. Hakuna aliyengojwa. Bibi harusi alifika kwa gari, mama yake alifika kwa gari, na gari halikutaka kumnusa mtu. Nilikula pilau vizuri tu, lakini nilikuwa natazama mlangoni kama mjinga, natamani kitu kikatae kupita.

Asubuhi iliyofuata harusi ile ya kwa mjomba, nilipoamka, aibu ilikuwa imerudi yote, na riba. Nilikumbuka nimewafokea wazee. Nikanawa uso, nikaenda kuwaamkia mmoja mmoja, nimeinamisha kichwa, sauti yangu ile ya zamani ya kuandikwa mtoro. “Shikamoo.” Shangazi wa kwanza aliitikia kwa kunong'ona. Wa pili alinong'ona pia, akaweka kidole mdomoni. Katekista alitingisha kichwa tu, hakuthubutu kutoa neno. Wote walikuwa wamepanga. Mwisho nikamfikia mjomba, amekaa kwenye kigoda anaota moto. Alininong'onezea marahaba, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza kwa kunong'ona vilevile kama sasa anaruhusiwa kukohoa.

Nikafikiri kidogo.

“Kohoa, mjomba,” nikasema, “lakini polepole.”